Tulifunga mwamba miezi mitatu, tukaumaliza kwa siku mbili. Wenzetu mnafunguaje?

#1 MvuviWaMshipi · Ijumaa, saa 3:12 usiku

Assalaam alaykum wanajamvi.

Uzi huu nimeuzuia wiki nzima nisije nikauandika kwa hasira. Hasira imepungua, haijaisha, kwa hiyo mtanisamehe pale patakapochomoza neno kali.

Mimi ni mvuvi wa mshipi, kusini Unguja, ndani ya hifadhi ya Ghuba ya Menai, ile iliyotangazwa mwaka 1997. Kijiji sikitaji, wa kwetu watajijua. Nimo pia kwenye kamati ya wavuvi ya shehia, kazi isiyo na mshahara ila ina lawama za kutosha. Mwaka huu tulikaa vikao vitatu tukakubaliana tufunge kipande cha mwamba, pweza wapumzike miezi mitatu. Si jambo tulilolibuni sisi. Kisiwa Panza kule Pemba walitutangulia kwa msaada wa shirika la Mwambao, Kizimkazi wamefanya, na wazee wetu walikuwa wakifunga bahari kwa neno la mvyale tu, yule mlinzi wa mila za kijiji, bila boya wala daftari, na mtu akiogopa kulivunja neno lile kuliko anavyomuogopa polisi leo.

Tukafunga. Maboya ya madumu tukayapaka rangi nyekundu, zamu za doria tukapanga, faini ikaandikwa na sheha akatia muhuri. Na nasema kweli, watu waliheshimu. Bamvua sita zimepita, wanawake wanakata pembeni ya maboya na ndoo zao, wanatazama upande wa pili kama mtu aliyefunga anayepita mbele ya muuza maandazi. Kijana mmoja wa kwetu alikamatwa usiku na kurunzi. Baba yake mwenyewe ndiye aliyemleta kulipa faini.

Siku ya kufungua ilikuwa Jumamosi, maji yakikauka kabisa saa nne na nusu asubuhi. Nilifika diko saa kumi na mbili nikakuta vyombo nisivyovijua. Ngalawa, boti za mashine, gari mbili za wachuuzi zimesharudi kinyumenyume mpaka kwenye mchanga. Nilihesabu vyombo mpaka arobaini na kitu nikaacha. Habari ilikwenda kwa simu: fulani kamwambia shemeji yake, shemeji kamwambia tajiri wake, basi.

Pweza wa kwanza kupimwa alikuwa kilo tatu na nusu. Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi, sikatai. Saa tano hivi nikamuona kijana mmoja amesimama juu ya tumbawe kubwa kama sinia la pilau, analivunja kwa nondo, vipande vinaruka, na ndani akatoa pweza ambaye hata kilo hafiki. Tumbawe lile nalijua tangu niko mdogo. Saa saba mchana barafu ya wachuuzi ikaisha, na bei ya mnada ikashuka mpaka nusu ya ile ya asubuhi. Mtu amesubiri miezi mitatu ili auze rahisi kuliko mwezi aliofunga!

Siku ya pili walitoka wadogo. Siku ya tatu alitoka aliyesahau kijiko chake.

Tulifunga kama Ramadhani, tukafungua kama watu waliokosa daku. Sasa nusu ya kijiji wanasema hawafungi tena, na siwezi kuwalaumu. Naomba uzoefu wa wenzetu. Kufunga tumeweza. Siku ya kufungua mnafanyaje?

---

#2 SupuYaForodhani · Ijumaa, saa 3:20 usiku

Nimesoma mpaka kilo tatu na nusu nikasimama. Supu iko wapi shekhe? Wengine ndoa zetu zinategemea huduma yenu.

---

#3 Tumbawe_Hai · Ijumaa, saa 4:05 usiku

Pole sana kaka. Nimesomea mambo ya bahari na nimefanya kazi na kamati kama yenu, acha nichangie kwa upande huo.

Kwanza tuelewe tunachokifunga. Pweza wetu wa mwambani haishi sana: mwaka, mwaka na miezi michache. Anakua kwa kasi ya ajabu, na akiwa mdogo anaweza kuongeza uzito maradufu ndani ya wiki chache akipata kaa wa kutosha. Jike hutaga mara moja tu maishani. Anatundika mayai kwenye dari la shimo kama vichane vya zabibu, anayalinda na kuyapulizia maji bila kula, na yakishaanguliwa naye anakufa.

Kwa hiyo miezi mitatu inafanya kazi mbili zisizofanana. Ya kwanza ni kunenepesha: yule wa nusu kilo uliyemwacha utamkuta kilo mbili. Hii inaonekana kwa macho, ndiyo mnayoipigia makofi. Ya pili ni kuwapa majike nafasi wamalize kulea mayai. Hii haionekani, kwa sababu vitoto vikianguliwa vinaelea na mkondo kwa wiki kadhaa kabla ya kutua mwambani. Wa kwenu huenda wakatua kwa jirani, na wa jirani kwenu. Ndiyo maana kijiji kimoja kufunga peke yake ni kama kuchimba kisima cha shehia nzima kwa jembe moja.

Mfano unaotajwa sana ni Andavadoaka, kusini magharibi ya Bukini, yaani Madagaska. Walianza mwaka 2004, wakafunga sehemu moja ya mwamba miezi saba. Baadaye, vijiji vingi vilipofuata na hesabu kufanywa kwa miaka, ilionekana pweza wanaotua nchi kavu katika mwezi wa kwanza baada ya kufungua walizidi kwa zaidi ya asilimia 700. Lakini ile mara ya kwanza walipofungua? Yaliwakuta yenu. Watu walijaa kutoka kila upande, mwamba ukachakazwa. Kwa hiyo usione haya, mmepita njia waliyopita walimu wenyewe.

---

#4 NahodhaKojani · Jumamosi, saa 12:40 asubuhi

Mwanzisha uzi, "vyombo nisivyovijua" ndio sisi hao, sema tu.

Mimi ni mtu wa Kojani, Pemba. Babu yangu kaenda dago, kambi za uvuvi za ugenini, Mafia, Kilwa, Tanga mpaka ng'ambo ya mpaka Kenya. Kwetu mvuvi hafugwi. Tunaenda na upepo, tunapiga kambi, tunavua, tunarudi kwa sikukuu. Na tulikuwa na adabu zake: unafika na barua ya sheha wako, unajitambulisha, unaulizwa una nyavu gani, unaambiwa mwamba upi usiguswe, unatoa kitoweo kwa wenyeji. Nani alituambia siku yenu ina utaratibu? Hakuna barua iliyokuja, hakuna tangazo. Tumesikia kwa mchuuzi kwamba bahari inafunguliwa, na mchuuzi yuleyule ndiye aliyetutilia petroli.

Mkitaka mgeni afuate sharti, mpeni sharti. Msimngoje afike ndipo mumuite mwizi.

---

#5 MvuviWaMshipi · Jumamosi, saa 1:15 asubuhi

Nahodha, hapo kwenye barua umenikamata. Hatukuandika. Tuliandika sheria za kufunga kurasa nne, za kufungua hakuna hata mstari mmoja. Tulidhani kufungua ni kutoa maboya.

Ila mchuuzi kukutilia petroli na wewe kumuuzia yeye peke yake, hilo nalo tulizungumze. Ndiye aliyeshusha bei.

---

#6 BiMchokoo · Jumamosi, saa 2:30 asubuhi

Wanangu nawasalimu. Nimesoma yote na naona wanaume mnazungumza na wanaume wenzenu, mambo ya vyombo na mkondo. Ngojeni niwaambie ya miguuni.

Mimi nimekwenda pwani tangu sijavunja ungo. Mwamba mliofunga, uwe wa kwa mwanangu hapo juu au wa kwetu, angalieni ni upi. Ni ule wa karibu, unaokauka, ambao mwanamke anaufika kwa miguu na mtoto mgongoni. Nyinyi mna chombo, mna miwani ya kuzamia, miezi mitatu mnazama nje ya maboya. Mimi nazama wapi? Ndiyo maana nyumba nyingi kufunga mwamba ni kufunga ndoo ya mama, na kwenye kikao mnaandika "jamii imekubali". Siku ya kufungua, wa miwani wamo ndani ya maji tangu alfajiri maji hayajapwa. Tukifika sisi kwa miguu saa tatu, mashimo yameshapekuliwa.

Na kuna jambo la pili. Shimo la pweza hulioni mpaka ufundishwe. Hutazami shimo, unatazama taka za mlangoni: ganda la kaa lingali jeupe, chaza iliyofunguliwa. Unatia mchokoo, kijiti cha kuchokonolea, taratibu, unamgusa, unangoja. Yeye mwenyewe anaushika, anakuvuta, na wewe unampa kidogo kidogo kama mtu anayeamua ugomvi, mpaka anatoka. Tumbawe huliharibu, kesho kutwa mwengine atahamia nyumba ileile. Shimo moja mama yangu kalitumia miaka, kanirithisha kama mtu anavyorithishwa mnazi.

Lakini ukikuta mawe yamepangwa mlangoni, mlango umezibwa karibu wote, kama mtu aliyejenga ukuta usiku, huyo ana mayai. Mama alikuwa akinipiga mkono: "Mpite, huyo mzazi." Na kweli hana faida, kakonda, hali, nyama yake maji. Hawa vijana wa nondo hawajui kusoma mlango. Kwao kila shimo ni benki.

Sasa mkitaka kufungua kwa akili, siku ya kwanza wape waendao kwa miguu, na mchokoo wa mti, si nondo. Wa miwani waingie siku ya tatu. Pweza hatakimbia.

---

#7 SupuYaForodhani · Jumamosi, saa 2:41 asubuhi

Bi mkubwa, naondoa utani wangu wote. "Kila shimo ni benki" naiandika ukutani.

---

#8 MnadaniTu · Jumamosi, saa 4:10 asubuhi

Mimi ndiye mchuuzi mnayemtukana, au mwenzake. Sikilizeni kidogo.

Bei haishuki kwa ubaya wangu. Nina makasha mawili ya barafu. Hoteli inataka pweza kumi leo na kumi kesho, haitaki mia leo. Kiwanda cha Bara kinachopeleka Ulaya kinachukua wengi, lakini wafike wabichi, na chini ya nusu kilo hakipokei kwa sababu kanuni ya Bara inakataza. Mkiniletea tani ya pweza saa saba mchana kwenye jua, nusu nitauza, nusu nitakausha kwa hasara. Fungueni mwamba vipande vipande, leo huu kesho ule, mniambie wiki moja kabla, nami nitaleta barafu na bei ya kueleweka. Dagaa tunafanya hivyo tayari. Wanunuzi wa Kongo wanajua giza la mwezi linaanza lini, wanafika na magunia yao, hakuna anayeshangaa.

---

#9 JichoLaMji · Jumamosi, saa 5:02 asubuhi

Mnapiga hesabu ya pweza, mimi napiga ya watu. Sensa ya 2012 Zanzibar tulikuwa 1,303,569. Ya 2022 tukawa 1,889,773. Miaka kumi, walaji karibu laki sita wapya, na watalii juu yake. Mwamba umebaki palepale, tena ulipauka mwaka 1998 na 2016 kwa joto la maji. Kila nikisikia "uvuvi endelevu" najua kuna semina yenye posho. Mtafunga pweza, mtafunga samaki changu, mwisho mtafunga pwani yote, na siku ya kufungua mtakuta pamejengwa hoteli. Nimeyaona.

---

#10 Tumbawe_Hai · Jumamosi, saa 5:50 asubuhi

JichoLaMji, hofu ya hoteli siidharau, ipo na ina sababu. Ndiyo maana napendelea kijiji kiwe na mpango wake wa maandishi uliosajiliwa kisheria kuliko makubaliano ya mdomo. Mwenye karatasi ana pa kusimama siku hiyo ikija.

Ila usichanganye pweza na samaki. Pweza wa miezi mitatu ni ndoano ya kuwavutia watu waone matokeo. Chewa ni habari nyingine kabisa. Anakua polepole, na wengi wao huanza maisha wakiwa majike, wakifika ukubwani ndipo wanageuka madume. Ukiwavua wakubwa wote kwa bunduki ya kuzamia unabaki na kijiji cha wanawake watupu. Huyo miezi mitatu haimsaidii chochote, anataka mahali pasipoguswa miaka. Chumbe pamelindwa tangu mwaka 1994. Waulizeni wavuvi wanaoruhusiwa kutega nje ya mpaka wake kwa nini wanapenda kukaa karibu na mstari.

---

#11 MkilifiHalisi · Jumamosi, saa 8:25 mchana

Salamu kutoka Kilifi, Kenya. Kuruwitu wavuvi walitenga bahari yao wenyewe kuanzia mwaka 2005, eneo dogo tu la kama hekta 30, tunaita tengefu. Wale hawafungui kabisa. Kelele za miaka ya mwanzo zilikuwa hizi hizi za kwenu: "mnatunyima chakula". Leo wanaovua nje ya mpaka ndio walinzi wakali kuliko askari. Nisiwadanganye lakini, wavuvi wa nyavu na juya wa vijiji vingine hawakuisha kwa sababu sisi tumetenga.

---

#12 MtuWaMahe · Jumamosi, saa 2:48 usiku

Niko Shelisheli mwaka wa sita, kazi za ujenzi. Huku wamejaliwa sifa duniani: Machi 2020 walitimiza asilimia 30 ya bahari yao kuwa hifadhi, zaidi ya kilomita za mraba 400,000, na jambo lilianzia kwenye deni la nje lililopunguzwa kwa sharti la kulinda bahari. Zuri. Lakini sehemu kubwa ni bahari kuu, ya jodari na meli za kigeni. Mtu wa kawaida hafiki huko maisha yake yote. Mwamba wa kutembelea kwa miguu, kama anaousema Bi hapo juu, ugomvi wake hauna deni la kubadilishana wala mkutano wa kimataifa.

Mfano wa kuufuata nadhani ni Rodrigues, kisiwa kidogo chini ya Mauritius. Mwaka 2012 walianza kufunga pweza kisiwa kizima kwa pamoja, miezi miwili. Hapa ndipo pa kusikiliza: wavuvi waliosajiliwa walipewa kazi za kulipwa katika muda huo, kusafisha fukwe na mambo kama hayo. Mwanamke wa huko akifungiwa mwamba, ana kitu cha kutia chunguni. Sisi tunamwambia asubiri.

---

#13 NahodhaKojani · Jumamosi, saa 3:30 usiku

Kisiwa kizima kwa tarehe moja, hiyo naikubali. Dago halitakuwa na pa kukimbilia, na mimi sitamuona jirani anavuna nilikokatazwa. Tatizo langu ni kila kijiji na tarehe yake. Tunaruka mmoja mpaka mwengine kama nzi.

---

#14 MnadaniTu · Jumamosi, saa 3:44 usiku

Mkifunga kisiwa kizima na kufungua siku moja, barafu ya Afrika Mashariki nzima haitoshi. Nahodha fikiri tena.

---

#15 MvuviWaMshipi · Jumapili, saa 2:05 usiku

Nimerudi. Leo baada ya alasiri tumekaa kamati, nimewasomea uzi wenu kwa simu, spika juu. Post ya Bi Mchokoo nimeisoma mara mbili, na mara ya pili wanawake waliokuwa wanapita na kuni wakasimama.

Kikao kilikuwa kigumu. Wa miwani wamekasirika, mmoja kaondoka. Lakini tumefika mahali. Tutafunga tena, safari hii sehemu mbili tofauti ili zisifunguliwe wiki moja, na kipande kimoja cha mwamba wa karibu tumekiacha wazi muda wote kwa waendao kwa miguu. Siku mbili za mwanzo ni za miguu na mchokoo wa mti, nondo marufuku, na pweza chini ya nusu kilo anarudishwa majini hapohapo. Mgeni anakaribishwa kuanzia siku ya tatu akiwa na barua, na barua za kualika tutapeleka wenyewe, Kojani mojawapo. Mnada unafunguliwa kwa wachuuzi watatu, si mmoja. MnadaniTu, ukitaka kuwa mmojawapo, njoo na barafu ya kweli.

Tulipokwama ni kwenye hili la Rodrigues. Nani anawalipa kina mama miezi mitatu? Mmoja kasema tutoe asilimia kwenye mnada wa kufungua tuweke sandukuni kwa ajili ya mara ijayo. Wengine wakacheka, wakauliza sanduku litakaa kwa nani. Hapo kikao kikaahirishwa.

---

#16 BiMchokoo · Jumapili, saa 2:40 usiku

Sanduku likae kwa wanawake, funguo tatu, nyumba tatu. Kikoba chetu cha mwani tumekiweka hivyo miaka yote na hakijapotea hata senti. Na mizani siku hiyo iwe ya kamati, si ya mchuuzi. Mara iliyopita pweza wangu alikuwa kilo mbili nyumbani, akafika mnadani kilo na robo tatu.

---

#17 MnadaniTu · Jumapili, saa 2:43 usiku

Bi, pweza anatoa maji njiani!

---

#18 BiMchokoo · Jumapili, saa 2:44 usiku

Robo kilo ya maji, mwanangu, ni supu nzima hiyo.

---

#19 MvuviWaMshipi · Jumapili, saa 3:10 usiku

Kamati inayo mizani ya kuning'iniza, imekaa stoo ya diko tangu mradi ulipoondoka. Ina kutu na sindano yake imeganda kwenye kilo nne. Kesho asubuhi naipeleka mjini kwa fundi. Kuna anayemjua wa bei nafuu Darajani?